Rangi inang'aa, kutu inakula: somo la Makutano kwa wenye magari wa Pwani

Kenya ina Makutano nyingi. Iko ya Pokot Magharibi, iko ya Mwea pale barabara ya Embu inapojitenga na ile ya Nyeri, na iko ya mjini Meru, ambayo ndiyo ninayoizungumzia leo. Hapo magari yaliyopanda kutoka Embu na Chuka hukutana na yale ya Maua, na yale ya Isiolo na Nanyuki. Nilikaa huko siku kumi kwa mambo ya kifamilia. Shemeji yangu ana Probox nyeupe inayobeba mizigo kati ya Meru na Mombasa, zaidi ya kilomita 700 kwenda tu, na rangi yake imeanza kufifia kwenye boneti na juu ya paa. Akaniuliza apake nini juu yake kitakachodumu.

Nilidhani ni swali la asubuhi moja. Kila gereji niliyoingia nilipewa jibu lake, na kila jibu lilikuwa na miaka yake: huyu miaka miwili, yule mitano, mwingine kumi. Neno lililo midomoni mwa wote ni moja, seramiki. Mabango ya Mombasa nayo yamejaa neno hilo hilo. Na hapo ndipo nilipoanza kushuku, maana gari la Meru na gari la Mombasa haliuliwi na adui mmoja, vipi dawa iwe moja?

Kabla ya kuingia kwenye mikebe, tutazame kwa nini swali hili limekuwa zito kuliko zamani. Gari limekuwa ghali. Tangu Julai 2023 ushuru wa forodha wa magari yanayoingia Kenya ulipanda kutoka asilimia 25 hadi 35. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa unaoanzia asilimia 20 kwa injini ndogo, kisha VAT ya asilimia 16 inayohesabiwa baada ya hizo nyingine kujumlishwa, na ada nyingine ndogo ndogo. Kisha kuna kanuni ya KS 1515 ya mwaka 2000 inayokataza gari lililopita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Mtu aliyekuwa akiuza gari lake baada ya miaka minne na kuagiza jingine Japani sasa analishika miaka kumi. Mwaka 2024 serikali ilitaka hata kutoza asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, isipungue shilingi 5,000 wala kuzidi 100,000. Pendekezo hilo liliondolewa mwezi wa Juni, siku chache kabla ya mswada wote wa fedha kuanguka, lakini limetuonyesha macho ya Hazina yako wapi.

Jambo la pili ni kanuni za ukaguzi ambazo NTSA imekuwa ikizipeleka kwa wananchi kutoa maoni, zinazotaka magari ya binafsi yaliyopita miaka 4 tangu kutengenezwa nayo yakaguliwe, kama tunavyozoea kwa matatu na malori. Kwa sisi wa Pwani hilo si suala la breki na taa pekee. Mkaguzi akiinama chini ya gari la Nyali, Likoni au Mtwapa, ataona nini?

Sasa rangi yenyewe. Gari linapotoka kiwandani bati lake limepakwa tabaka kadhaa: kwanza dawa ya kushika bati, kisha praima ambayo gari zima hutumbukizwa ndani yake na kushikishwa kwa umeme, kisha praima ya juu, kisha rangi, na mwisho ile ngozi ya maji maji isiyo na rangi ambayo mafundi huiita kliya. Zote kwa pamoja ni kiasi cha maikroni 100 hadi 140, na kliya peke yake ni kama 35 hadi 50. Unywele wa kichwa una kiasi cha 70. Yaani kinachozuia jua kulichoma gari lako ni chembamba kuliko unywele wako, na kila mara fundi akilipiga gari bafu ili ling'ae, anakula sehemu ya hicho kidogo. Gari lililopigwa bafu kila sikukuu ya Idi linaweza kung'aa miaka mitatu kisha likaanza kubabuka kama mtu aliyeungua.

Juu ya kliya ndipo vinapokuja vitu tunavyouziwa. Nta, ambayo nzuri yake hutokana na majani ya mti wa jamii ya mnazi uotao Brazili, hukaa wiki chache hadi miezi miwili. Iko ile ya maji ya kemikali inayokaa miezi minne au sita. Seramiki ni maji yenye silika, asili ile ile ya mchanga na kioo, ambayo yakikauka hushikana na kliya na kuwa ngumu. Unene wake ni maikroni moja au mbili tu, mara nyingi hata hazifiki. Ikipakwa vizuri juu ya rangi safi, miaka miwili mitatu si uongo, na maji huteleza juu yake kama juu ya jani la mgomba. Inazuia jua kwa kiasi, inazuia uchafu kushika, na gari huoshwa kwa urahisi. Bei yake ni makumi ya maelfu ya shilingi.

Lakini haizuii jiwe. Maikroni mbili haziwezi kuzuia kokoto iliyorushwa na lori. Haijazi shimo wala haiponyi kliya iliyokwisha babuka. Na kutu haiigusi kabisa, kwa sababu kutu haianzii pale seramiki inapopakwa. Kinachozuia jiwe ni ile plastiki ya kubandika, laini na isiyoonekana, yenye unene wa maikroni 150 hadi 200, inayoweza kukaa miaka mitano hadi kumi. Hiyo ni ghali zaidi, na sikuona haja ya kuibandika gari zima. Ukingo wa boneti, bampa la mbele na nyuma ya magurudumu vinatosha.

Pale Makutano adui ni watatu, na wote wanaonekana kwa macho. Jua kwanza. Mji wa Meru uko juu kiasi cha mita 1,500, karibu kabisa na mstari wa ikweta, na ile miale ya jua isiyoonekana, ambayo ndiyo huchoma rangi, huongezeka kwa kadiri ya asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Mtu husikia baridi asubuhi akadhani jua la huko ni pole. Boneti haidanganyiki. Adui wa pili ni kokoto, hasa kwa wanaofuata magari ya miraa. Tunaokula au tunaopinga miraa sote twayajua magari hayo. Mzigo wenyewe hukauka, kwa hivyo dereva hawezi kungoja, na anayemfuata nyuma hulipa kwa kioo na rangi. Wa tatu ni vumbi jekundu la barabara za vijijini, ambalo kijana wa kuosha gari akilisugua kwa kitambaa kikavu huwa msasa mtupu.

Kwa gari linalolala Meru, basi, seramiki ina maana. Kidogo ghali, ila ina maana.

Teremka nayo Mombasa uone. Hewa yetu ina chumvi, kila mtu anajua hilo, msumari wa mlango unakufundisha. Chumvi ikipata unyevu kwenye bati la chuma, hufanya umeme mdogo usiohisika upite, na chuma hugeuka kutu upesi kuliko kwa maji matupu. Lakini hewa haishambulii boneti iliyopakwa rangi. Inaingia ndani ya milango kupitia pale kioo kinaposhuka, inakaa ndani ya zile boriti za chini ya milango, kwenye kingo za madigadi, kwenye viungo vya chesisi ambapo praima ya kiwandani ni nyembamba au imechubuka. Kila mlango una vitundu chini vya kutoa maji. Vikizibwa na vumbi, maji ya mvua na chumvi hukaa humo ndani wiki nzima. Kutu huanza ndani ikaja nje, na siku utakapoona kipele kidogo chini ya rangi, ujue bati upande wa pili limekwisha liwa.

Na tunajiongezea wenyewe. Maji ya bomba ya Mombasa yatoka mbali, Mzima na Baricho na Marere na Tiwi, na hayatoshi. Wanaoosha magari wengi hutumia maji ya kisima, na visima vyetu vingi vina chumvi. Ulimi wako unajua, chai ya maji hayo hainyweki. Basi tunachukua gari lililolala kwenye upepo wa bahari, tunalipulizia maji ya chumvi kwa pampu yenye nguvu hadi ndani ya kila ufa, kisha tunalipa. Huko Makutano gari huoshwa kwa maji ya Mlima Kenya. Nilimwona kijana akiosha lori kwa maji ambayo mtaa mzima wa kwetu ungeyanywa kwa furaha. Nilinyamaza.

Halafu kuna kunguru. Mavi yake yakikaa juani saa chache huchimba kliya, na hapa seramiki husaidia kweli, maana yafutika kabla hayajauma. Mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja wa aina hii ya kigeni kabla ya mwaka kwisha. Mimi naendelea kuegesha mbali na mkungu.

Wazee wetu wa vyombo walijua jambo hili bila maikroni. Jahazi lilipakwa sifa, mafuta ya ini la papa, kwenye mbao za juu, na chini ya maji likapakwa deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na mafuta. Hakuna fundi aliyemwahidi nahodha miaka kumi. Chombo kilipandishwa pwani, kikakwanguliwa, kikatiwa kalafati palipofunguka, kikapakwa upya, na kazi hiyo ilirudiwa msimu kwa msimu. Harufu ya sifa ilikuwa mbaya na hakuna aliyeipaka ili chombo kipendeze. Gari la Pwani lahitaji fikra hiyo: mafuta au nta maalumu ya kupuliza ndani ya milango na boriti, kwa mrija mrefu kupitia vitundu vilivyopo, kila mwaka au kila baada ya miaka miwili. Si ghali ukilinganisha na seramiki, na karibu hakuna anayeitangaza, kwa sababu ikishamalizika hakuna kinachoonekana.

Wengi wetu tunapaka oili chafu chini ya gari. Wasomi huwacheka watu hao. Mimi siwacheki, kwa sababu oili kweli huzuia maji kulifikia chuma. Ubaya wake ni kwamba hufurisha mipira ya chini ya gari ikaoza kabla ya wakati, hudondoka barabarani na kwenye visima vyetu, na huoshwa na mvua ya kwanza. Ubaya mkubwa zaidi uko kwenye ile lami nyeusi nzito inayopigwa chini ya gari ambalo tayari lina kutu. Hiyo hufungia unyevu ndani. Juu yaonekana nyeusi safi, ndani bati linageuka unga.

Hapa naingia kwenye jambo linaloniudhi. Gereji moja, na siitaji kwa mji wala kwa jina, ilinionyesha gari lililotoka kuandaliwa kwa kuuzwa. Boriti ya chini ya mlango ilikuwa imejazwa puti, ikapigwa msasa, ikapakwa rangi na juu yake seramiki. Ukiigonga kwa kidole sauti yake ni ya ukuta, si ya bati. Sote tulisomeshwa madrasa kisa cha Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni akatia mkono kwenye rundo la nafaka akakuta ndani kumelowa, akamuuliza mwenye mali kwa nini asiuweke ule unyevu juu watu wauone. Puti juu ya kutu ni unyevu ule ule. Na anayepaka seramiki juu yake ameufunika kwa kitambaa cha hariri.

Mnunuzi anaweza kujilinda. Sumaku ndogo ya mlango wa friji hushika bati na huanguka kwenye puti. Kuna kifaa cha kupima unene wa rangi, kama simu ndogo. Ukikuta mlango mmoja una maikroni 120 na wa pili 400, huo wa pili umepakwa upya, na ana deni la kukueleza kwa nini. Anayeagiza Japani aombe karatasi ya mnada na aisome mwenyewe. Herufi S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula bati, W ni alama ya kunyooshwa, XX ni kipande kilichobadilishwa. Magari ya kaskazini ya Japani hupita kwenye barabara zilizomwagwa chumvi ya kuyeyushia theluji. Gari kama hilo likija kuishi Mombasa limetoka chumvini kuingia chumvini.

Rangi mpya yenyewe ina aina mbili, na hapa bei ndogo hudanganya. Iko ile inayokauka kwa thina kuruka tu, rahisi, hukauka upesi, hufifia upesi, na ukimwagia petroli huyeyuka. Na iko ile mafundi wanaiita 2K, inayochanganywa na hadena, ikakauka kwa vitu viwili kushikana. Kwa jua la Meru na chumvi ya Mombasa, 2K ndiyo ya kununua, sina shaka. Ila hadena hiyo ndiyo ninayotaka msomaji aijue kwa jina lake: ina isosayaneti, kemikali inayojulikana duniani kuwa miongoni mwa sababu kubwa za pumu ya kazini. Mapafu yakishaizoea vibaya, hata harufu kidogo huyafunga, na hilo halirudi nyuma. Kitambaa hakizuii. Barakoa ya vumbi haizuii. Inatakiwa barakoa inayoletewa hewa safi kwa mrija kutoka nje ya chumba.

Makutano niliwaona vijana wakipuliza 2K wakiwa wamejifunga kitambaa puani. Mombasa ni vivyo hivyo, tusijione. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 ipo, inamtaka mwenye kazi atoe vifaa vya kinga. Sheria ya fidia ya majeraha ya kazini ya mwaka huo huo nayo ipo, lakini imeandikwa kwa mwajiriwa. Kijana wa jua kali anayelipwa kwa kila gari hana karatasi ya kuthibitisha ameajiriwa na nani. Akipata pumu akiwa na miaka 28 atabaki na mchango wake wa SHA, kama ameulipa. Sisi tunaobishana naye shilingi elfu mbili za kazi ndio tunaomkatia barakoa hiyo, na serikali za kaunti zinazochukua ada za leseni kwenye gereji hizo kila mwaka hazijapata kuuliza hewa yatoka wapi.

Shemeji nilimwambia hivi. Asipake gari zima. Boneti na paa vikwanguliwe na kupakwa 2K kwa rangi ile ile nyeupe, maana akibadilisha rangi lazima NTSA ibadilishe kumbukumbu za gari, na hiyo ni safari nyingine. Ukingo wa boneti ubandikwe plastiki. Mengine ayapake nta mwenyewe kila baada ya miezi miwili, kazi ya Jumapili moja. Pesa aliyokuwa ameiwekea seramiki aitumie kupuliza mafuta ndani ya milango na chini, kwanza akifungua vitundu vya maji, na kila akirudi kutoka Mombasa alioshe chini kwa maji ya Meru. Hakufurahi sana. Alitaka king'ae.

Nirudi kwenye ukaguzi, kwa sababu huko ndiko mambo yanakoelekea. Mkaguzi akipewa fomu ya kutazama breki, taa, moshi na usukani tu, magari yetu yatapita na kutu zake ndani. Akipewa mamlaka ya kulikataa gari lenye kutu bila kipimo kilichoandikwa, kutu itakuwa mlango wa chai, na gereji za puti zitapata biashara ambayo hazijawahi kuiota: kuficha bati lililooza wiki moja kabla ya ukaguzi. Japani hukagua gari jipya baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miwili, na chini ya gari hutazamwa kwa makini. Kenya haihitaji kuiga yote hayo. Inahitaji kanuni iseme ni sehemu zipi kutu haivumiliwi, yaani chesisi, boriti za chini, pale mikanda ya usalama na shokomzoba zinaposhikiliwa, na ni sehemu zipi ni aibu tu ya mwenye gari. Na iseme mkaguzi agonge, asitazame rangi.

Wabunge wa Pwani wana sababu ya kuliuliza hili kabla kanuni hizo hazijachapishwa, kwa kuwa gari la miaka minane la Mombasa na la miaka minane la Meru si rika moja. Nao wawakilishi wa wadi wana swali lao dogo wanaloweza kulimaliza bila Nairobi: leseni ya kuosha magari ikitolewa, kwa nini isiandikwe ni maji gani yatakayotumika?